Niliajiriwa Kidole Tu

Kaeni, wanangu, msisimame mguu nje mguu ndani. Nyinyi mnaokuja barazani kwangu na kamera shingoni mnataka niwaambie mtu afanyeje mpaka picha yake ijulikane kuwa ni yake, hata kama hakuandika jina nyuma. Mwenzenu mmoja juzi aliniuliza vizuri zaidi. Alisema, "Bibi, mtu hulipataje jicho lake mwenyewe?" Nikamwambia mimi sikuanza na jicho. Mimi niliajiriwa kidole.

Wala sifanyi mzaha. Zilikuwa siku za vita vikuu vya pili, nami nilikuwa mwanamke wa miaka ishirini hivi, nimerudi Mtongwe kwa mama na sanduku la nguo na talaka moja. Msinionee huruma. Yule bwana alikuwa akikoroma na mimi nilikuwa na mdomo, tukaachana kwa amani. Lakini mama kila akipita alikuwa akinitazama kama mzigo ulioshushwa kwenye nyumba isiyokuwa yake, na majirani walikuwa wakimuuliza habari zangu kwa sauti ya chini, kama wanaouliza habari za mgonjwa.

Mjomba wangu Salim, kaka yake mama, alikuwa na studio hapo juu ya kivuko cha Likoni. Lilikuwa banda la mabati, na sehemu moja ya paa ilikuwa ya vioo vilivyopakwa chokaa ili jua liingie kwa adabu. Ukutani alitundika turubai lililochorwa ngazi ya mawe, bustani, na ndege weupe wa majini ambao mchoraji hakuwahi kuwaona. Alichora bata, kisha akawavuta shingo. Wanaume wa Likoni nzima walisimama mbele ya bata wale. Wanawake hawakuja. Mume gani wa siku zile angemkalisha mkewe kitini, halafu mwanamume mwingine ajitumbukize kichwa ndani ya kitambaa cheusi na kumtazama apendavyo? Mjomba alilifikiri jambo hilo, na Ijumaa moja baada ya sala akaja kwetu.

Nikamwamkia. Akaitika marahaba, akanitazama mikono.

"Mwanasiti, una kazi?"

"Sina, Mjomba."

"Una kidole?"

Nikamwonyesha vyote.

"Kimoja chatosha," akasema.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kabla mteja wa kike hajaingia, Mjomba alipanga kila kitu. Aliweka kiti, juu ya kiti akaweka mtungi wa maji mahali pa kichwa cha mtu, akaurekebisha mtambo wa picha mpaka mtungi uonekane barabara. Kisha akatia kioo, maana wakati ule hatukutumia filamu kama zenu, picha ilishikwa na kioo kilichopakwa dawa. Akishamaliza alitokea mlango wa nyuma, akaenda kuketi kwa muuza kahawa na kuwapa watu mgongo. Mimi nikamwingiza bibi wa watu, nikaondoa mtungi, nikamkalisha pale pale, nikabinya mpira wa kufyatulia picha. Basi. Mjomba akirudi, huuliza mbele za watu, "Kidole kimefanya kazi?" Jina likanikaa. Mpaka wauza samaki wa kivukoni wakawa wananiita Bi Kidole.

Wa kwanza kunionyesha kwamba kidole hakitoshi alikuwa bibi mmoja wa Mishomoroni, mrefu kupita mlango, aliyevuka huku kuja arusini. Nilimkalisha mahali pa mtungi kama nilivyofunzwa. Alikuja kuchukua picha yake amefuatana na dada zake, akaitazama, akaigeuza, akaitazama tena.

"Mwanangu," akaniambia kwa upole kabisa, "leso yangu umeipiga vizuri. Sasa kitwa changu ki wapi?"

Mtungi ulikuwa mfupi, naye alikuwa yeye. Picha ilianzia shingoni kwenda chini. Dada zake walicheka mpaka mmoja akalazimika kuketi, na yeye mwenyewe akaichukua ile picha, akasema ataituma kwa mawifi zake ili wachague kichwa wanachokipenda. Nilitaka ardhi inimeze. Lakini tangu siku hiyo, Mjomba akishatoka tu, nami hukitoa kioo na kasha lake, nikajifunika kile kitambaa cheusi nikatazama mwenyewe, kisha nikakirudisha.

Sasa hapa ndipo nataka mnisikilize. Katika kamera za aina ile mtu huonekana juu chini. Miguu iko juu, kichwa kiko chini, bata wa Mjomba wanaogelea mbinguni. Mara ya kwanza nilicheka peke yangu humo gizani. Mara ya pili nikaanza kuona jambo. Mtu akiwa juu chini humwoni kuwa ni Bi Fulani mke wa Fulani aliyekusengenya wiki iliyopita. Unaona mwanga umegusa wapi, kivuli kimeanguka wapi, na mkono umelala vipi. Kamera zenu za leo zinawanyooshea kila kitu, ni raha, lakini mmepoteza kitu. Picha yako ukishaipata, igeuze juu chini uitazame. Kama inakupendeza hivyo, basi ina kheri.

Msidhani Mjomba alikuwa mjinga wa kazi. Alikuwa na sheria ya M tatu: miguu, mikono, masikio. Vyote vionekane, vyote viwili viwili. Nyinyi mngecheka, lakini sheria ile aliipata kwa aibu. Kulikuwa na askari mmoja, Kahindi, kijana wa Kigiriama, miongoni mwa wale waliokuwa wakilinda mlango wa bandari. Alitaka kusimama kwa maringo, akaegemea nguzo na kukunja mguu mmoja nyuma. Mjomba akampiga hivyo hivyo. Picha ikafika kwao Kaloleni, mamake akaitazama, akaangua kilio: mwanangu kakatwa mguu vitani na hawakuniambia. Kijiji kizima kikaja kutoa pole. Baba mtu akafunga safari mpaka kambini, akakataa kusikia maneno ya mtu yeyote, akamtaka mwanawe avue viatu na kuonyesha miguu yote miwili mbele ya sajini na kikosi kizima. Kahindi alirudi studio amevimba kwa hasira, na toka hapo askari wote waliopigwa picha kwa Mjomba walisimama wametanua miguu kama wanaotaka kuruka mtaro.

Kwa hiyo mtu akilipia picha, alikuwa akilipia mwili wake mzima, na Mjomba alimpa mwili wake mzima. Nami niliiheshimu sheria hiyo. Lakini ilianza kunichosha. Kila mwanamke aliyeingia pale alikuwa na mwendo wake, kicheko chake, na namna yake ya kujifunga leso. Akishaketi mbele ya ile ngazi ya mawe, poda usoni, mikono magotini, anakuwa yule yule wa jana. Nilikuwa nikimsindikiza mlangoni, naye akishapumua tu na kuinama kuvaa viatu, hapo ndipo huniwia mzuri, na kioo kimeshakwisha.

Nikaanza kuwa kero nyumbani. Mama akiketi mlangoni kupepeta mchele, mwanga wa uani ukamjia upande mmoja wa uso, namwambia, "Mama, usiondoke hapo." Akinuna namwambia ni bora zaidi. Nikagundua kwamba jua letu la mchana ni adui, linamkausha mtu uso mpaka awe hana pua, lakini ukimsogeza hatua moja tu ndani ya upenu wa makuti, linakuwa rafiki. Hayo sikufunzwa na mtu. Niliyaona kwa mama na ungo wake. Mama aliwaambia majirani kwamba talaka imenipanda kichwani.

Tatizo lilikuwa vioo. Vilikuja kwa meli, na meli wakati ule zilikuwa na mizigo mingine. Mjomba aliviweka ndani ya sanduku la bati lenye kufuli, na ufunguo aliufunga kwenye pindo la kikoi chake. Nilimwomba kimoja nikampige mama mlangoni.

"Mlangoni pana nini?"

"Pana mwanga, Mjomba."

"Na hapa studio nimeweka giza?"

Maneno ya jambo lile sikuwa nayo bado. Nilikuwa nalo machoni tu.

Basi, siku moja akaja Bi Mwanaidi. Alikuwa mwenzetu wa Mtongwe, mke wa Mzee Bakari mwenye shamba la minazi, nao walikuwa na binti mmoja tu, Zuhura. Zuhura alikuwa ameposwa na mtu wa Pemba. Arusi ilikuwa imekaribia, na baada ya arusi bibi arusi angepanda meli na mumewe. Pemba siku zile haikuwa mbali kwa ramani, lakini kwa mama mwenye mwana mmoja ilikuwa mwisho wa dunia. Bi Mwanaidi aliniletea madafu, akaketi, akazungumza habari za mvua na habari za kuku, kisha akaanza kulia.

"Nnataka taswira ya mwanangu, Mwanasiti. Nibaki nayo. Na babake kaapa."

"Kaapa nini, Mama?"

"Kasema wallahi uso wa mwanawe hauingii karatasini. Asema karatasi huingia nyumba za watu bila ya kupiga hodi."

Nikamwambia picha nitaipiga mimi mwanamke, na nitaiosha mimi, maana Mjomba alishanifunza. Akatikisa kichwa. Yote hayo alishamwambia mumewe. Mzee Bakari hakuwa mtu mkali, watoto wa mtaa mzima walikuwa wakimrukia mgongoni, lakini akishaapa alikuwa hafunguki. Na Bi Mwanaidi hakutaka kumwibia mumewe kiapo chake. Alitaka nimtafutie picha ambayo mzee angeweza kuiona ukutani na asiseme neno.

Sijui nilipata wapi ujasiri. Nikamwambia, "Nitampiga Zuhura bila uso, na utamjua."

Mjomba aliposikia alicheka kwa muda mrefu. "Picha bila uso? Si bora ukapige mnazi, angalau huo hauna uso tangu mwanzo." Lakini alimpenda Bi Mwanaidi kama dada, na nadhani pia alichoka na maneno yangu ya milango na vivuli. Akafungua sanduku, akatoa kioo.

"Hiki hapa. Mamake akisema huyu ndiye, ufunguo wa sanduku ntakupa wewe, utachagua mwenyewe umpige nani na umpige vipi. Akisema siye, utakuwa Kidole mpaka nizikwe, wala sitaki kusikia tena habari za mlango."

"Na nikitaka cha pili?"

"Hakuna cha pili. Na msichana yuwaenda zake."

Nikawa kama nimehamia kwa Bi Mwanaidi. Asubuhi nikimaliza kazi za nyumbani naenda kuketi na Zuhura, namtazama. Alikuwa akisuka ukili wa mikeka ya nyumba yake mpya, akiuzuia kwa kidole gumba cha mguu kama wanavyofanya wasukaji wote, huku akinisimulia mambo ya mchumba wake ambaye hata hakuwahi kumwona. Nilifikiri kupiga mikono yake itakapotiwa hina. Lakini mikono ya hina kila bibi arusi anayo. Nilifikiri mapambo yake, na mapambo yalikuwa ya kuazima. Nilitazama mpaka akaniuliza kama nina deni naye. Nilianza kuogopa. Niliwaza kwamba pengine Mjomba ana haki, kwamba mtu ni uso wake tu na kilichobaki ni nguo.

Mpaka adhuhuri moja Mzee Bakari akarudi shambani. Alikuwa na desturi, akifika uani kabla ya kutua jembe huita, "Zuhura," apelekewe maji ya kunawa. Na Zuhura, bila kugeuka, akainua kidogo kichwa na kukilaza upande, mkono uliokuwa ukivuta miyaa ukasimama hewani, akaitika, "Abee, baba." Ilikuwa kwa kitambo tu, kisha akainuka akaenda kuteka maji. Huyo ndiye Zuhura. Hakuna mwanamke mwingine Mtongwe aliyeitika vile.

Tena kulikuwa na faida ya kazi ndani yake, na hii mwichukue bure. Vioo vyetu vilishika picha polepole, mtu akitikisika kidogo tu anakuwa moshi. Lakini mtu akiitwa, mikono husimama. Kwa kitambo kile anachoitika anatulia kuliko ukimwambia tulia.

Siku ya kupiga, hina ilikuwa imeshakolea miguuni na mikononi. Nilimkalisha Zuhura chini ya upenu, leso mpya ya arusi kichwani na mabegani, ile yenye maandishi ya herufi za Kiarabu kwenye pindo. Mimi nikasimamisha mtambo nyuma yake, upande.

"Nifanye nini?" akauliza.

"Suka."

"Nisikutazame?"

"Unitazame ya nini, hujanizoea tu?"

Akasuka. Nikangoja. Nilikuwa na kioo hicho kimoja, mpira mkononi, jasho linanitoka, nzi ametua puani na siwezi kumfukuza. Tulingoja mpaka nikasikia jembe likigonga kiambaza.

"Zuhura."

Kichwa kikalala upande. Mkono ukasimama. "Abee, baba." Nikabinya.

Arusi ikapita kwa vigelegele na pilau, tukaimba mpaka sauti zikapasuka, na Zuhura akapanda meli akilia na kucheka pamoja. Shughuli zilipotulia, nikaingia chumba cha giza nikakiosha kioo, kikakauka. Asubuhi nikakiweka juani ndani ya fremu pamoja na karatasi. Picha ikatoka. Ilikuwa na ukungu kidogo, nikasema labda mtambo ulitikisika, lakini ilikuwa nzuri. Mwanga ulikuwa mahali pake, shingo, mguu, mkono hewani. Sikuwahi kuona picha kama ile na niliipiga mimi. Nilipiga vigelegele peke yangu mle bandani.

Bi Mwanaidi akaja. Nikampa. Akaitazama kwa muda, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu.

"Huyu si Zuhura," akasema.

"Ni yeye, Mama. Ulikuwepo."

"Nilikuwepo. Leso ni yake na hina ni yake. Lakini si yeye. Ni mtu aliyemwiga." Akainyoosha mkononi kwa uangalifu. "Ahsante, mwanangu, umejitahidi. Mungu akulipe."

Nilitamani anitukane. Aliondoka polepole, akaiacha picha juu ya kiti. Zuhura yuko Pemba, kioo kimekwisha, mama mtu amebaki mikono mitupu, nami ni Kidole mpaka Mjomba azikwe. Nililia, wanangu, sikuona haya.

Mjomba alikuwa amesikia yote nyuma ya pazia. Angeweza kunicheka, na haki alikuwa nayo. Badala yake aliichukua picha, akaenda nayo mlangoni kwenye mwanga, akaileta karibu na pua, na midomo yake ikaanza kwenda kama anayesoma.

"Kidole," akasema, "leso hii imesomea wapi?"

"Vipi, Mjomba?"

"Mbona yaanzia kushoto, kama ya Kizungu?"

Nikainuka. Nikatazama lile pindo. Herufi zote zilikuwa zimegeuka zikikimbilia upande usio wao. Nikatazama mkono uliosimama hewani, na hapo moyo ukanipasuka kwa furaha kabla hata sijamaliza kufahamu. Ulikuwa mkono wa kulia. Na Zuhura alikuwa wa mashoto. Mamake alimpiga vidole toka utotoni asukie mkono wa kulia, hakufua dafu, mwisho wakawa wanamwita Mashoto kwa mapenzi. Kioo nilikilaza kwenye karatasi kinyume, upande unaong'aa ukawa chini, na picha nzima ikageuka kushoto kulia. Kumbe ule ukungu pia ulitokana na hapo. Studio kosa kama hilo lisingepita, maana ngazi ya mawe ingekuambia mara moja. Kwa Bi Mwanaidi hakukuwa na ngazi wala bata.

Kama mtu bado anashika vioo, akiguse kimoja pembeni kwa mdomo wenye unyevu. Upande unaonata ndio wenye dawa, huo ndio ulalie karatasi. Nimegusa vioo kwa mdomo miaka yote tangu siku ile.

Nikageuza kioo, nikakiweka juani, nikakisimamia kama maziwa motoni. Karatasi ilipokuwa tayari nilitoka mbio na leso inapepea, nikimwita Bi Mwanaidi njia nzima, watu wa kivukoni wakidhani kuna msiba. Nilimkuta kwa muuza mihogo. Nikampa picha ikiwa bado na maji.

Hakusema huyu ndiye. Alisema, "Mashoto wangu." Akaketi hapo hapo chini, kando ya mihogo ya watu, akalia na kucheka, akamwonyesha muuza mihogo, kisha akakumbuka kwamba ni mwanamume, akaificha kifuani, kisha akakumbuka kwamba haina uso, akamwonyesha tena. Nami nikajua, mwanga wa mlangoni ulikuwa kweli, na yale niliyokuwa nayo machoni bila maneno yalikuwa kweli. Niliporudi studio, ufunguo wa sanduku ulikuwa umewekwa juu ya mtungi. Mjomba alikuwa amekwenda kunywa kahawa. Jina la Kidole aliendelea kuniita mpaka mwisho wake, lakini sauti ilikuwa nyingine.

Mzee Bakari aliitazama picha ukutani kwake na hakusema neno, kama mkewe alivyotaka. Miezi ikapita. Kisha siku moja akaja studio, peke yake, kofia mkononi. Nikamwamkia, nikampa kiti. Akazungumza habari za mvua, akazungumza habari za kuku, nikajua ana jambo.

"Mama Zuhura anieleza," akasema mwisho, "kwamba kile kioo ulikipindua, picha ikageuka."

"Ndiyo, baba. Kosa langu."

"La, si kosa." Akaikunja kofia, akaikunjua. "Nauliza tu. Ukikipindua tena, uso hautokei?"

Nyuma ya pazia nilisikia Mjomba akijizuia kucheka. Mimi sikuwa na kicheko. Nilimwambia uso haumo kiooni, Zuhura hakugeuka. Akatikisa kichwa taratibu.

"Na mbona kashika mkono vile? Kama amwitikia mtu."

"Akuitikia wewe, baba. Ndiyo siku ile ulipotoka shambani ukamwita."

Mzee aliitazama sakafu. Nikamwona akisogeza midomo, nadhani alikuwa akiliita lile jina kimyakimya kulijaribu. Kisha akaniaga akaenda zake.

Mwaka uliofuata Zuhura alirudi kujifungulia kwao, kama ilivyo ada. Alipotoka arubaini, mzee mwenyewe ndiye aliyemleta studio, yeye na mtoto. Kiapo alikuwa amekitolea kafara, amelisha maskini. Nikamkalisha mbele ya bata wa Mjomba, uso mzima, masikio mawili, mikono miwili, miguu miwili, na mtoto juu. Nikampiga kwa heshima zote za sheria ya M tatu, na kioo akakichukua mzee mwenyewe akaenda nacho kwake, isije ikatolewa karatasi nyingine.

Zuhura aliporudi Pemba, nilikwenda kuwatembelea wazazi wake. Picha mpya ilikuwa imewekwa kabatini, imefungwa kwa kitambaa cha hariri. Ukutani ilikuwa ile ile ya zamani. Nikamuuliza Mzee Bakari mbona ile yenye uso hakuitundika, na hali ndiyo aliyoitaka.

"Ile nzuri sana," akasema. "Lakini kwenye ile kaja kupigwa picha. Huyu hapa nimemwita mimi."